Barua ya Wazi kwa Wanaopima Migongo Yetu

Kwa waheshimiwa mnaosimamia fidia ya ulemavu ya wanajeshi wastaafu wa Marekani, na kwa wabunge na maseneta mnaokaa kwenye kamati za maveterani kule Washington.

Mwaka 2013 niliingia zahanati ya kikosi nikiwa nimeinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, nikamwambia mhudumu kwamba kiuno kinaniuma. Nililisema kwa Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa cha shule. Nilichukua neno la kamusi, lile ambalo fundi cherehani hulitumia akipima suruali. Mhudumu akanitazama, akabonyeza mfupa wa pembeni, akaandika nyonga. Akanipa vidonge vya ibuprofeni vya miligramu 800, akaniambia ninywe maji mengi, nikarudi kazini.

Sisi tuliolelewa kwa Kiswahili tukisema kiuno kinauma hatumaanishi nyonga, wala hatumaanishi pale unapopita mkanda. Tunamaanisha chini ya mgongo, pale panapokatika mtu akiinua gunia. Mama yangu akirudi kutoka shamba husema kiuno kimenikatika, na hakuna jirani atakayedhani anaumwa na kitu kingine. Neno hilo moja, lililosikika vibaya likaandikwa vibaya, limenizungusha tangu mwaka 2019, nilipoanza kudai fidia. Barua ya kwanza ya kuninyima ilisema kumbukumbu zangu za jeshini hazina lalamiko lolote la mgongo. Ni kweli, hazina. Zina nyonga.

Nawaandikia kwa Kiswahili, na najua mtahitaji mtu wa kuwasomea. Nimekubali hivyo kwa makusudi, kwa sababu wako wengi waliovaa sare yenu wakiwa na lugha hii kichwani, kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, na nataka na wao waisome.

Mimi ni mzaliwa wa Taita Taveta. Nilikuja Marekani kwa viza ya mwanafunzi, na mwaka 2010 nikajiunga na Jeshi la Nchi Kavu kupitia MAVNI, mpango uliowaandikisha wageni wenye taaluma ya udaktari au lugha ambazo jeshi lilizihitaji. Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Uraia niliapishiwa nikiwa bado kuruta, Fort Jackson, South Carolina, nimevaa sare. Nilidhani lugha yangu ndiyo itakayotumika. Nikapangiwa ugavi wa risasi, na kilichotumika ni mgongo.

Kombora moja la mzinga wa milimita 155 lina kilo 43 hivi. Mimi nilikuwa na kilo 56. Sisemi niliyabeba peke yangu kutwa. Mashine za kunyanyulia zilikuwepo na wenzangu walikuwepo. Lakini Kandahar, Afghanistan, mwaka 2012 mashine haikuwa karibu kila saa, na mzigo wowote ulioinua uliuongeza juu ya fulana ya kuzuia risasi yenye mabamba mbele, nyuma na ubavuni. Niliyopewa ilikatwa kwa mwili wa mwanamume. Ilinielemea mabegani na kwenye mifupa ya nyonga. Nikipanda lori ilinivuta nyuma, nikiruka chini ilinisukuma mbele, na goti la kulia ndilo lililopokea kila kitu. Fanyeni hivyo mara ishirini kwa siku, miezi tisa.

Mtaniuliza: kama uliumia hivyo, mbona ulikwenda zahanati mara mbili tu kwa miaka mitano? Swali hilo limo kwenye kila barua ya kuninyima, hata pale lisipoandikwa kama swali. Jibu mnalijua, maana wengi wenu mmevaa sare. Jeshini mtu anayekwenda zahanati mara kwa mara hupewa jina, na jina hilo humtangulia kila anakohamishiwa. Mwanamke hulipata upesi zaidi. Mgeni mwenye lafudhi hulipata upesi kuliko wote. Nilijua hilo kabla hata sijafundishwa kufunga buti. Kwa hiyo nilimeza vidonge, nikajifunga leso tumboni chini ya sare kama mama yangu alivyokuja kunifunga baadaye nilipojifungua, nikaendelea na kazi.

Siku ya kutoka, mwaka 2015, nilipewa fomu ya afya. Aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alinigeukia akaninong'oneza kwamba nikiandika ndiyo mahali popote nitabakizwa wiki kadhaa zaidi. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, na mume wangu alikuwa ananisubiri mlangoni na gari la kuazima. Nikaweka alama kwenye hapana, kutoka juu mpaka chini. Fomu hiyo nayo imo kwenye faili langu, na imesomwa dhidi yangu mara tatu.

Sheria yenu wenyewe haitaki isomwe hivyo. Mwaka 2006, katika kesi ya Buchanan dhidi ya Nicholson, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema ushuhuda wa mwanajeshi na watu wake hauwezi kutupwa kwa sababu tu hakuna karatasi ya hospitali ya wakati ule. Anayepima dai anaweza kuuliza kama ushuhuda unaaminika. Hawezi kusema haukuandikwa basi haukutokea. Nimeisoma hukumu hiyo kwa kamusi, usiku, watoto wakiwa wamelala. Najiuliza kama walioandika barua zangu waliwahi kuisoma mchana, tena kwa mshahara.

Sasa nieleze jambo ambalo pengine hamjawahi kuelezwa. Kwetu mtu akikuuliza habari, unajibu nzuri. Hata aliyefiwa usiku wa jana, ukimbishia hodi asubuhi ukamwuliza habari za hapa, atakwambia nzuri. Akishakuvutia kiti ukakaa, ndipo atasema: ila tumepata msiba. Ile nzuri ni mlango tu wa kuingilia, habari yenyewe iko ndani. Hujambo hujibiwa sijambo, na mgonjwa aliyelazwa hujibu vivyo hivyo. Nimeishi Marekani zaidi ya miaka kumi na mitano na ulimi wangu haujaacha.

Mchunguzi wangu wa kwanza, mwaka 2019, alikuwa daktari wa kampuni ya kandarasi, kwenye chumba cha kukodi nyuma ya duka la miwani. Alinisalimu vizuri, sina ubaya naye. Aliuliza hali yangu ya siku ile, nikasema niko sawa, nashukuru. Akaniambia niiname, nikainama mpaka nilipoweza, nimeuma meno. Akauliza kama inauma, nikasema kidogo. Hiyo ilikuwa kidogo ya mwanajeshi, tena ya mwanamke aliyelelewa asilie mbele ya wageni. Dakika kumi na tano tukawa tumemaliza. Ripoti yake inasema mchunguzwa anaeleza kwamba hali yake ni nzuri na maumivu yake ni madogo.

Hakungoja ile ila.

Angengoja ningemwambia kwamba kuna siku tatu au nne kila mwezi ambapo mgongo huchachamaa na mume wangu ndiye hunifunga kamba za viatu. Ningemwambia kwamba sisongi sima tena. Kusonga sima ya watu watano ni kusimama, kuinama kidogo, kushika sufuria kwa mkono mmoja na kugeuza mwiko mzito kwa mwingine. Ni kazi ya kiuno kuliko ya mikono, na kwenye fomu zenu hakuna mahali pa kuiandika. Ningemwambia kuhusu mtoto wangu wa pili, aliyezaliwa 2018. Wa kwanza nilimbeba mgongoni kwa leso mpaka alipokataa mwenyewe. Wa pili sijambeba mgongoni hata siku moja. Akililia kubebwa humpokea baba yake, na bibi mmoja wa kanisani kwetu, ambaye hakujua, aliwahi kuniambia mbele ya watu kwamba wanawake wa siku hizi tumekuwa Wazungu.

Badala ya hayo yote, faili langu lina nambari. Na nambari ndizo zinazoamua, kwa hiyo naomba mnivumilie nizieleze, kwa ajili ya wasomaji ambao hawajawahi kuziona.

Mchunguzi hushika goniomita, vipande viwili vya plastiki vilivyofungwa pamoja kama bawaba ya mlango, na kupima unainama nyuzi ngapi. Mgongo mzima huinama mbele nyuzi 90. Jedwali la Idara ya Maveterani linasema ukiishia kati ya 60 na 85 unapewa asilimia 10 ya ulemavu. Ukiishia kati ya 30 na 60, asilimia 20. Ukishindwa kupita 30, asilimia 40. Kwa viwango vya mwaka 2025, asilimia 10 ilikuwa dola 175.51 kwa mwezi, 20 ilikuwa dola 346.95, na 40 ilikuwa dola 774.16. Chini ya asilimia 30 hakuna nyongeza ya mume, mke wala mtoto, hata uwe na watoto saba. Goti ni gumu zaidi: kwa kipimo cha kukunja peke yake, lazima lishindwe kupita nyuzi 45 ndipo jedwali likupe asilimia 10. Goti lisilopita nyuzi 45 haliwezi kupanda ngazi za basi.

Mchunguzi wangu wa tatu alinipima mgongo nyuzi 65. Asubuhi ile nilikuwa nimemeza dawa, kwa sababu bila dawa nisingeweza kuendesha gari saa nzima kufika kwake. Nilimwambia hivyo. Nilikuwa nimeshajifunza, sikusema nzuri wala kidogo. Nilimwambia kwamba siku mbaya siwezi kufikisha mikono magotini. Aliandika kwamba hawezi kukadiria hali yangu ya siku mbaya bila kubahatisha, kwa kuwa hakuiona. Nikapewa asilimia 10.

Waheshimiwa, hapa ndipo hasira yangu ilipo. Jambo hilo lilishaamuliwa, tena zaidi ya mara moja. Mahakama ya Rufaa ya Madai ya Maveterani, ambayo Bunge lenu liliiunda kwa sheria ya mwaka 1988, ilisema tangu 1995 katika kesi ya DeLuca kwamba kipimo cha kiungo lazima kihesabu kile mtu anachopoteza kwa sababu ya maumivu, uchovu, na siku ambazo hali huchachamaa. Mwaka 2012, katika kesi ya Jones, ikasema nafuu inayoletwa na dawa haiwezi kutumiwa kumnyima mtu kiwango cha juu kama jedwali lenyewe halikutaja dawa, na Machi 2025, katika kesi ya Ingram, ikalirudia hilo kwa viungo na misuli. Mwaka 2016, katika kesi ya Correia, ikasema kiungo kipimwe mtu akikisogeza mwenyewe na kikisogezwa na mwingine, kikiwa kimebeba uzito na kikiwa hakijabeba. Goti langu lilipimwa nimelala kitandani. Na mwaka 2017, katika kesi ya Sharp, ikasema lile nililohitaji siku ile: mchunguzi asiyeiona siku mbaya hana budi kuuliza. Aulize inakuja mara ngapi, inakaa muda gani, inasababishwa na nini, inamzuia mtu kufanya nini, kisha akadirie kwa alichoambiwa. Kusema sikuiona hakutoshi.

Yaani mahakama iliamuru mchunguzi aingoje ila. Imeamuru kwa miaka mingi, na mimi bado nakutana na wachunguzi ambao hawajaambiwa.

Nani alipaswa kuwaambia? Simlaumu daktari aliyepewa ratiba ya watu kumi na mbili kwa siku na fomu yenye visanduku vya kuweka alama. Naulaumu mkono uliotengeneza ratiba na kuipokea ripoti kama ilivyo. Ripoti isiyojibu maswali ya Sharp ni ripoti pungufu, na anayeketi kuipima ili atoe asilimia ana wajibu wa kuirudisha kwa aliyeiandika kabla ya kutoa uamuzi. Kazi hiyo ingechukua wiki mbili tatu. Ikiachwa ipite, inakuwa rufaa, na rufaa ni miaka.

Nimezijua njia zote tatu za rufaa zilizoanza kutumika Februari 2019 baada ya sheria ya mwaka 2017. Kwanza niliomba afisa wa ngazi ya juu alipitie faili. Njia hiyo hairuhusu ushahidi mpya, kwa hiyo aliyepitia aliiona nyonga ileile. Kisha nikaleta dai la nyongeza na barua mbili, ya mume wangu na ya sajenti tuliyekaa naye hema moja Kandahar, aliyeniona nikiteremshwa kwenye lori. Mchunguzi wa pili akakubali sasa kwamba pingili za chini zimechakaa, lakini akasema sababu ni kazi niliyofanya baada ya jeshi. Nilikuwa nikitunza wazee kwenye nyumba ya wazee.

Kuhusu hilo nataka kusema kwa kituo. Waafrika wengi tukitoka jeshini, au kabla ya kuingia, hufanya kazi hiyo ya kuwageuza wazee kitandani, kuwaogesha, kuwainua. Ndiyo kazi inayopatikana usiku ukiwa na watoto mchana. Imekuwa rahisi mno kuitumia kama kifutio. Mchunguzi akiiona kwenye historia ya mtu haulizi zaidi. Haulizi kama mgongo ulikuwa mzima siku ya kwanza ya kazi. Wangu haukuwa. Msimamizi wangu wa zamu aliandika kwamba tangu wiki ya kwanza niliomba nisipewe wagonjwa wa kuinuliwa peke yangu. Barua yake ilikuwemo kwenye faili. Maoni ya mchunguzi hayaitaji.

Niliyepata kusikilizwa naye ni jaji wa Bodi ya Rufaa za Maveterani, kwa video, nimekaa kwenye meza yangu ya jikoni. Aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: ulipokwenda zahanati mwaka 2013, uliweka mkono wako wapi? Nikasimama, nikageuka, nikaweka mkono mahali penyewe. Akaomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba mlalamikaji ameshika chini ya mgongo. Uamuzi wake ulichukua zaidi ya mwaka kunifikia, na ulikubali kwamba mgongo wangu ulianzia jeshini. Nililia sana siku hiyo, na si kwa ajili ya pesa, maana pesa zenyewe, kama nilivyosema, zilikuja kuwa asilimia 10. Sasa nakata rufaa ya kiwango, na goti, ambalo linazidi kuharibika kwa vile natembea nikiukinga mgongo, lina rufaa yake.

Mnaweza kusema: basi mfumo umefanya kazi, si jaji amekupa haki? Amenipa, baada ya miaka mitano, na kwa sababu nilikuwa na mume mwenye kazi, mwakilishi asiyenitoza, na kichwa kigumu. Nawajua watatu walioacha. Mmoja alinyimwa mara moja tu, akaiweka barua kwenye droo, na mwaka ukapita. Ukiacha mwaka upite bila kukata rufaa unapoteza tarehe yako ya mwanzo, na siku utakapoanza tena utahesabiwa tangu hapo. Aliniambia alidhani barua ya serikali ni neno la mwisho. Kwetu ilikuwa hivyo.

Na tangu Machi 2025 hatua ya kwanza imekuwa nzito zaidi. Sheria inasema ushahidi ukilingana pande zote mbili, shaka inamwangukia mwanajeshi kwa faida yake. Ni kanuni nzuri kuliko zote mlizonazo. Lakini katika kesi ya Bufkin dhidi ya Collins, Mahakama ya Juu ilisema kwamba kupima kama ushahidi umelingana ni suala la ukweli wa mambo, na mahakama ya maveterani itaingilia tu penye kosa la wazi. Sibishani na majaji wale. Nasema tu kwamba maana yake kwa mtu kama mimi ni hii: shaka isiponufaisha mtu kule chini, juu kuna nafasi ndogo ya kuipata. Kwa hiyo msiendelee kutuambia tukate rufaa. Pimeni vizuri mara ya kwanza.

Liko na jambo la wale wanaotupigia simu. Mtu akinyimwa, haichukui muda anapata ujumbe kutoka kwa mshauri asiyeidhinishwa anayeahidi kupandisha asilimia kwa malipo ya miezi kadhaa ya fidia yake mpya. Nilikaribia kutia saini. Aliyenizuia ni mzee mmoja wa kituo cha maveterani hapa Tacoma, aliyenipeleka kwa mwakilishi aliyeidhinishwa ambaye hakunitoza hata senti. Vyama vya maveterani kama American Legion, VFW na DAV vina wawakilishi wa namna hiyo, na ndugu zangu mnaosoma hili, anzeni huko. Lakini ninyi waheshimiwa ndio mnaojua kwamba Bunge liliondoa adhabu ya jinai kwa wanaotoza bila idhini, mwaka 2006. Irudisheni. Anayeweza kuahidi asilimia huyo hapotezi chochote akishindwa, na aliyeumia hulipa hata akishinda.

Ninachoomba hakihitaji jedwali jipya wala fedha za ajabu.

Wekeni picha ya mwili kwenye fomu ya zahanati ya kikosi, kwenye fomu ya kutoka jeshini na kwenye fomu ya dai, mbele na nyuma, mtu aoneshe kwa kidole au achore duara. Kiswahili kina neno moja, mguu, kuanzia paja hadi kidoleni, na neno moja, mkono, kuanzia bega hadi ukucha. Kijana anayesema mguu unauma anaweza kuwa anasema goti, kifundo au unyayo, na kila kimoja kina mstari wake kwenye jedwali lenu. Sidhani ni Kiswahili peke yake. Picha ingemaliza kesi yangu siku ileile ya mwaka 2013.

Ripoti ya mgongo au kiungo isiyosema siku mbaya inakuwaje, kwa maneno ya aliyechunguzwa, isipokelewe. Isifike hata kwa anayetoa asilimia. Kampuni iliyoiandika ndiyo imwite mtu tena na kumlipia safari. Aulizwe pia kama amemeza dawa siku hiyo, na hali ikoje bila dawa. Naamini mkifanya hili moja tu, mafungu mazima ya mafaili hayatafika kwenye Bodi.

Barua za waume, wake, makamanda wa zamani na wasimamizi wa kazi zisomwe kabla ya uchunguzi, na mchunguzi aandike kwamba amezisoma na anasema nini juu yake. Kama hamwamini mume wangu, andikeni kwa nini. Amenifunga viatu kwa miaka saba. Anastahili hata sentensi moja.

Na mafaili yanayorudishwa kutoka Bodi au mahakamani yatangulizwe, kama sheria inavyoagiza tayari. Aliyerudishiwa faili kwa kosa lisilo lake asirudi mwisho wa foleni ya walioanza jana.

Sijaomba huruma. Nilipoapa Fort Jackson, aliyeniapisha hakuniuliza kama kiapo changu kingehimili siku mbaya, na siku mbaya zilipofika nilikwenda kazini. Nilibeba nilichoambiwa nibebe. Naomba mzigo huo upimwe kwa uzito wake, na siku zake zote zihesabiwe, hata zile ambazo mchunguzi hakuziona.

Nimeitwa tena kwa ajili ya goti. Nitakwenda na barua ya mume wangu, nakala mbili. Moja iingie kwenye faili. Ya pili naomba mchunguzi aisome tukiwa tumekaa wote wawili, kabla hajaniambia nipande kitandani, na akimaliza aniulize habari, kisha asubiri.

Wenu,
Mama wa watoto wawili, aliyekuwa sajenti wa ugavi
Tacoma, Washington